Maziwa Niliyoyamwaga Gendabi

Kwa miezi saba nilimwaga maziwa ya bibi mmoja. Nimejaribu kuianza habari hii kwa njia nyingine, kwa kueleza safari au Mlima Hanang ulivyokuwa unajifunika mawingu asubuhi, nikaona ninajificha. Kwa hiyo naanza hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kanisa letu la kijijini, kwetu Kenya upande wa Taita, lilinituma Tanzania kwa miaka miwili kuusaidia usharika mdogo wa Gendabi. Elimu yangu haikuwa kubwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa miezi tisa katika chuo cha Biblia, nikapewa cheti. Wengi wakisikia mmisionari hufikiria mtu mwenye gari na sanduku la dawa. Mimi nilishuka kwenye basi na ndoo ya plastiki, godoro lililofungwa kwa kamba, na simu iliyopasuka kioo.

Nilipewa chumba nyumbani kwa mama mmoja Mwiraqw, mzaliwa wa Maretadu, aliyeolewa Gendabi akabaki mjane. Alilima mahindi na maharage, akafuga mbuzi, kuku, na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia aliyekuwa mbavu tupu. Mama mwenyeji alikuwa na ulimi mkali na moyo mzuri. Siku ya kwanza aliniangalia nikishusha godoro, akasema, "Kenya wameishiwa watu wanene?"

Siku zangu zilifanana. Niliamka, nikateka maji, nikafagia kanisa, ambalo lilikuwa chumba cha matofali chenye bati na madirisha yasiyo na vioo. Watoto waliotoka shule walikuja mchana tukasoma pamoja. Siku mbili kwa wiki nilikaa na akina mama. Siku nyingine nilitembelea watu, wakulima huku juu, na wafugaji kule chini kwenye maboma ya Wadatoga. Jioni nilipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya shamba, mahali pekee penye mtandao, nikatuma habari kwenye kundi la kanisa letu nyumbani.

Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha jambo ambalo nililishika kuliko yote: ukikataa chakula cha mtu, umemkataa mtu mwenyewe. Alilirudia mpaka tukawa tunalisema kwa pamoja kama wimbo wa darasani. Hakutufundisha la kufanya na chakula baada ya kukipokea.

Bibi nilimkuta katika wiki yangu ya tatu. Boma lake, kule chini kwa Wadatoga, lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba anasugua kibuyu kwa ndani, na bangili zake za shaba zilikuwa zinagongana. Nilipiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa Kenya?"

"Ndiyo, bibi."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Kenya."

"Na baba?"

"Yuko huko huko."

Aliangalia nyuma yangu, kama anayetafuta mtu aliyechelewa njiani. "Umekuja peke yako. Kwenu mahari yako ni ng'ombe wangapi?"

Nilicheka. "Kwetu hatufugi sana, bibi. Labda watatu, na mbuzi."

"Watatu!" Akamgeukia mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuwa anatwanga mlangoni na mtoto mgongoni. Akamwambia kwa lugha yao, wakacheka mpaka mkwe akaweka mchi chini. Kisha akanirudia. "Ndiyo maana umekonda. Mtoto wa watu hawezi kulala kwetu bila maziwa."

Kesho yake asubuhi akaja mwenyewe, na fimbo mkono mmoja na kibuyu mkono mwingine. Alikitundika kwenye nguzo ya geti letu, akanisalimia kwa mbali, akaondoka. Jioni nilitakiwa kukirudisha kwa kukitundika palepale. Huo ndio ukawa utaratibu.

Yalikuwa maziwa mgando, mazito, yenye harufu ya moshi, na vipande vidogo vyeusi vya mkaa wa mti wanaosafishia vibuyu. Wenyeji huona hiyo ndiyo sifa yake. Mimi nilikunywa siku nne kwa kujikaza. Siku ya tano niliumwa tumbo vibaya, nikaenda zahanati kwa bodaboda nikiwa nimeinama kama mzee. Nesi aliniuliza nimekula nini, nikataja maziwa kwanza, kabla ya maji ya bwawa niliyokuwa ninakunywa bila kuchemsha nikiwa njiani. Akasema, "Basi acha maziwa mabichi."

Maneno ya nesi yalinipa ruhusa niliyokuwa ninaitafuta. Lakini nikiri ukweli: halikuwa tumbo tu. Ilikuwa kinyaa. Tangu kibuyu cha kwanza, nilipoona unyoya mmoja wa ng'ombe umeelea, nilikuwa natafuta njia ya kutoka.

Ningeweza kumwambia bibi kwamba tumbo langu halijazoea. Ningeweza kumpa mama mwenyeji ayanywe. Sikufanya hivyo, kwa sababu angeuliza, na angesema kisimani, na maneno ya kisimani yangefika bomani kabla ya jua kuzama. Na kulikuwa na sababu nyingine, mbaya zaidi. Bibi hakuwa Mkristo. Alikuwa anakuja Jumapili moja moja anakaa nje chini ya dirisha, anasikiliza nyimbo, anaondoka kabla ya mahubiri. Mimi nilikuwa namtaka aingie ndani. Niliogopa nikikataa maziwa yake, hatakuja tena hata dirishani.

Kwa hiyo kila siku nilikitungua kibuyu getini kwa mikono miwili, nikaenda nacho nyuma ya choo kwenye ua wa minyaa, nikamwaga. Nikaosha kibuyu vizuri kwa maji ya moto, nikakikausha kwenye jua, nikakitundika getini kikiwa kisafi. Nilijisifu kwa usafi ule. Mbwa alijua saa. Alikuwa ananisubiri nyuma ya choo mkia ukipiga vumbi.

Bibi akinikuta njiani aliniuliza, "Yalikuwa matamu?"

"Matamu sana, bibi. Asante."

Siku ya kwanza kusema hivyo niliona aibu. Siku ya kumi sikuiona tena.

Kwenye kundi la kanisa niliandika kwamba tumepokelewa kwa upendo, na kwamba kuna bibi mfugaji anayeniletea maziwa kila siku, na moyo wake unaanza kufunguka. Wakatuma mikono ya kupiga makofi. Mchungaji wetu alisoma ujumbe ule madhabahuni. Mama yangu alinipigia simu akiwa analia kwa furaha kwamba mwanawe ana bibi huko ugenini.

Kiangazi kikaja, na mvua zilipotarajiwa hazikufika. Nyasi za chini ziliisha. Mtoto wa kiume wa bibi alihamisha ng'ombe kwenda mbali kutafuta malisho, akaacha ng'ombe mmoja tu mwenye ndama. Haya niliyajua. Nilimwona akiondoka na kundi, nikamwombea safari njema. Lakini sikufika mahali pa kujiuliza maziwa yangu yanatoka wapi.

Badala yake, kibuyu kilikua. Kile cha kwanza kilikuwa cha ukubwa wa mkono. Siku moja kikaja kingine, chenye tumbo kubwa. Mama mwenyeji alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Bibi yako anataka kukufuga," alisema.

"Nitafanya nini, mama? Analeta tu."

"Lakini hunenepi." Akamtazama mbwa aliyelala kivulini. "Mbwa wangu ndiye ana mashavu siku hizi."

Niliingia ndani haraka. Nilisikia maharage yakiendelea kudondoka kwenye ungo.

Siku niliyogunduliwa ilikuwa ya kawaida. Bibi hakuja mwenyewe, alimtuma mkwe wake. Akatundika kibuyu, nikakipokea, tukasalimiana. Nikadhani ameondoka. Nilikwenda nyuma ya choo nikamwaga. Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mtoto mgongoni, amerudi kuniambia neno alilosahau au aliloshindwa kusema mbele ya mama mwenyeji.

Mbwa alikuwa anaendelea kulamba.

Hakupiga kelele. Aliyaangalia maziwa kwenye vumbi, kisha akasema alichokuwa amekuja kusema, kana kwamba mdomo ulikuwa umekwisha kukibeba na haungeweza kukirudisha.

"Dada, nilitaka kukuomba. Ukishiba, uache kidogo ndani."

"Kidogo ndani?"

"Ya chini. Mgeni akishiba anaacha kidogo. Wewe unarudisha kikavu. Kila siku kikavu, umekwangua na kuosha. Bibi anasema huyu mtoto hajashiba, ongezeni. Tumeongeza. Sasa ng'ombe ni mmoja." Alimrekebisha mtoto mgongoni. "Huyu anakunywa uji wa maji. Akiona kibuyu kinatoka analia."

Nilikuwa nimeshika kibuyu kitupu. Yule mtoto aliniangalia juu ya bega la mama yake. Alikuwa na miaka miwili hivi, macho makubwa, midomo imepauka.

Nilianza kusema samahani. Nilisema nitakwenda sasa hivi kumwambia bibi ukweli, nitapiga magoti.

Akatikisa kichwa. Kwa mguu wake akaanza kusukuma vumbi juu ya maziwa, polepole, akimfukuza mbwa kwa kisigino, mpaka weupe ukaisha.

"Usimwambie," alisema. "Ukimwambia, wewe utapona. Yeye ndiye ataumwa."

"Lakini nimemdanganya."

"Ndiyo, umemdanganya. Kaa nao uongo wako. Acha nusu ndani, mtoto anywe. Basi."

Akachukua kibuyu mkononi mwangu akaondoka.

Mama mwenyeji alikuwa amesikia. Choo hakikuwa mbali na jiko. Nilipopita akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilijua. Sijawahi kuona mbwa ananenepa kiangazi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe ndiye uliyekuja kutufundisha."

Kuanzia kesho yake nilifanya nilivyoambiwa. Nilirudisha kibuyu kikiwa na maziwa zaidi ya nusu, na hayo mengine nikayanywa. Nilikunywa nimesimama, bila kuziba pua. Sikuumwa. Nilisubiri siku moja, mbili, wiki. Tumbo lilikaa kimya. Sijui kama nimewahi kutamani kuugua kama nilivyotamani wiki ile. Baada ya muda nilianza kuupenda ule moshi.

Kibuyu kidogo kilirudi. Bibi alinikuta njiani akafurahi. "Sasa umeshiba," alisema, akanipapasa shavu kwa kidole kama anavyopimwa ndama. "Kenya walikuwa wanakupa nini?"

Hapo ndipo mambo yangeishia, kama ningekuwa na nguvu ya kukaa na uongo wangu.

Mvua zilipofika hatimaye, zilikuja na baridi. Bibi alishikwa na kifua. Nilienda kumtazama karibu kila siku, nikabeba sukari, nikabeba dawa aliyoandikiwa zahanati. Alilala kwenye ngozi karibu na moto, bangili zimevuliwa kwa sababu mikono ilikuwa imepungua. Jumapili moja nilikuwa nimewafundisha akina mama juu ya kuungama. Nilisema vizuri siku ile. Mama mmoja alilia. Nikatoka pale, nikajiambia nitakuwa mnafiki wa namna gani nikifundisha jambo hili na mimi mwenyewe nimefunga mdomo. Nikaenda bomani moja kwa moja, nguo za kanisani mwilini.

Mkwe wake alikuwa amekwenda kuteka maji. Niliona hivyo ndivyo vizuri. Hilo pia naliungama hapa: niliangalia kwanza kama hayupo.

"Bibi, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Maziwa uliyokuwa unaniletea. Sikuyanywa."

"Ya leo?"

"Ya siku nyingi. Tangu nilipoumwa tumbo mpaka hivi karibuni. Nilikuwa nayamwaga."

Nilisikia kifua chake kikivuma. "Unamwaga wapi?"

"Nyuma ya choo, bibi."

"Nani alikunywa?"

Ningeweza kusema ardhi. "Mbwa."

"Mbwa wa yule mama wa jembe?"

"Ndiyo."

Nilidhani atacheka. Mbwa yule alikuwa mzaha wake. Kila akipita alimwambia mama mwenyeji auze mbuzi amnunulie mbwa nyama. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa kucheka naye, na machozi ya kusamehewa yalikuwa karibu. Sikuwa na shaka kwamba atanisamehe. Nadhani hicho ndicho kitu kibaya zaidi nilichoingia nacho katika nyumba ile.

Hakucheka. Alitazama moto.

"Yule ng'ombe alikataa," alisema. "Kiangazi kile. Alishika maziwa, ananipiga teke. Nilikuwa namwomba kila asubuhi. Nilimwambia, toa, mama, toa, kuna mtoto wa watu pale juu, hana mama yake." Akapumua kidogo. "Namwimbia mpaka anatoa."

"Nisamehe, bibi."

Alivuta blanketi, mkono ukashindwa kulifikisha begani. Niliinuka nimsaidie.

"Niitie mke wa mwanangu," alisema. "Anifunike yeye."

Nilitoka nje kumwita. Alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Aliangalia uso wangu, akaangalia nguo zangu za kanisani, akaelewa. Alitua ndoo, akapita pembeni yangu kama mtu anayepita nguzo, akaingia.

Kesho yake hakukuwa na kibuyu getini. Wala keshokutwa. Nilikwenda bomani mara tatu baada ya hapo, na mara zote tatu mkwe alitoka nje kunipokea akaniambia kwa adabu kwamba bibi amelala. Mara ya tatu nilimsikia ndani akikohoa na kumsemesha mtoto. Nilishukuru, nikageuka.

Alifariki siku za palizi, mahindi yakiwa yamefika magotini. Mama mwenyeji ndiye aliyeniletea habari shambani. Alisimama kwenye mstari wa maharage, jembe begani. "Bibi yako ameondoka," alisema, na safari hii hakuongeza mzaha.

Walimzika kwao, kwa utaratibu wao. Sikuuelewa wote na sitaueleza nusu. Mwanawe alikuwa amerudi na ng'ombe, boma limejaa tena, na ndama walikuwa wanalia upande wa pili wa ua wakati wanaume wanachimba. Sikuombwa kusali. Nilikuwa nimeandaa maneno mfukoni kama ningeombwa, nikayakunja nikayaacha humo.

Sipendi kujifanya mfiwa kuliko waliofiwa. Lakini nimewazika watu wangu kadhaa tangu wakati ule, na mama yangu ni mmoja wao, na kwa hao wote nilijua pa kukaa na nani wa kumshika mkono. Kwa bibi sikujua. Kila nilipotaka kulia niliona ninaomba kitu.

Baada ya maziko akina mama walikaa kando ya nyumba. Wa boma na jamaa zao walikuwa karibu na mlango, na kibuyu kikubwa kilikuwa kinapita kwao, kila mmoja anapiga mafunda mawili anampa mwenzake. Sisi majirani wa jembe tulikaa upande wa ua. Kwetu waliandaa sufuria ya chai, kama wanavyofanya siku hizi kwa wageni.

Mkwe wa bibi ndiye aliyegawa. Alikuwa amenyoa kichwa. Mtoto alikuwa anatembea sasa, ameshika sketi ya mama yake kwa nyuma, mashavu yamejaa, midomo ina mstari mweupe wa maziwa. Mama mwenyeji alipewa chai ya maziwa. Mama wa pili akapewa chai ya maziwa. Alipofika kwangu, alirudi jikoni, akakaa kidogo, akaja na kikombe kingine. Alikishika kwa mikono miwili, akainama kama anavyopewa mgeni wa mbali.

Ilikuwa chai ya rangi.

"Sukari inatosha, dada?" aliuliza.

Nilionja. "Inatosha," nikasema. "Asante."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mama aliyefuata. Niliinywa yote.